Kukondesha Wimbo wa Kataliko

Kibao cha Virginie Chilufya kilikuwa na maneno matatu tu, na neno la katikati ndilo lililomletea watu: TUNACHAPA, TUNAKONDESHA, TUNATUMA. Wapita njia wa Kasapa, kwenye barabara iendayo chuo kikuu cha Lubumbashi, walisimama mbele ya kibanda chake, wakacheka kwanza, kisha wakauliza. Wanafunzi hawakuuliza. Wao walikwisha kujua kwamba mtu anaweza kuwa na diploma safi, yenye mihuri yote, na bado mlango ukakataa kufunguka kwa sababu picha ya diploma hiyo ni nzito. Walimkabidhi simu au flashi, wakaegemea ukuta, na baada ya muda wakarudishiwa kitu kilekile kikiwa chepesi, chenye mihuri ileile.

Wengine walikuja na hofu. Mzee mmoja wa mtaa wa Katuba alileta cheti chake cha kuzaliwa ili kitumwe kwa mwanawe aliye ng'ambo, na kabla Virginie hajagusa kitufe, mzee akamshika mkono.

"Mama, kondesha karatasi tu. Miaka yangu usiiguse. Niliteseka sana kuifikisha."

Nono, jirani yake aliyeuza mega za intaneti chini ya mwavuli mwekundu, alicheka mpaka akashika meza. Virginie hakucheka. Aliona mzee ameuliza swali la haki. Yeye mwenyewe, miaka yote aliyoifanya kazi hiyo, hakuwahi kuacha kujiuliza: uzito ule unakwenda wapi?

Alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, ambako upande wa pili, kule unakoona moshi wa majiko, ni Zambia. Mama yake, Mwape, alikausha samaki wa kupelekwa Lubumbashi. Samaki walitoka mtoni wakiwa wazito, wenye maji mpaka machoni. Mwape akawalaza juu ya moshi, akawageuza kama mtu anavyomgeuza mgonjwa, na mzigo uliohitaji wanaume wawili ukawa mzigo wa kuinuliwa na mwanamke mmoja hadi juu ya lori. Lubumbashi watu waliwatia majini, nao wakafura, wakawa samaki tena. Virginie mdogo alikuwa akichuchumaa karibu na moshi, macho yakimtoka machozi, akimsumbua mama yake aseme maji yamekwenda wapi.

"Yamepanda juu," Mwape alimjibu. "Uliza mawingu."

Lakini alimwonyesha pia mahali pa kukomea. Moto ukizidi kidogo tu, kinachofika sokoni ni unga wenye miiba, na hakuna maji yatakayomrudisha samaki.

Baadaye Virginie alijifunza kupiga chapa, akaajiriwa katika ofisi ya mgodi, na mgodi ulipofungwa akatoka humo na vidole kumi vinavyojua njia yao. Aliolewa na dereva wa malori ya mpakani Kasumbalesa, mtu wa kuja na kuondoka. Akafungua kibanda. Na siku ya kwanza alipoona mashine ikichukua kitabu kizima cha mwanafunzi wa udaktari na kukipunguza hadi uzito wa picha moja, bila kupoteza hata koma, alikaa kimya akitazama zile tarakimu mbili, ya kabla na ya baada, akauona tena moshi wa Kasenga. Tangu siku hiyo hakuzoea. Wengine walidhani amechoka anapotulia hivyo mbele ya kioo. Hakuwa amechoka. Alikuwa kama mtu anayesimama kanisani baada ya watu kutoka.

Kisha ukaja mwaka ambao Goma, huko Kivu ya Kaskazini, ilianguka mikononi mwa waasi, na makaratasi yaliyopita mikononi mwake yakabadilika sura. Wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini walioishi Lubumbashi tangu zamani, wenye maghala ya jumla na malori, wakaanza kupokea ndugu waliozunguka nchi tatu ili kuifikia nchi yao wenyewe: Rwanda, Tanzania, Zambia, kisha Kasumbalesa, kisha hapa. Watu hao walifika na begi moja na maisha yao yote ndani ya simu. Hati za nyumba zilizopigwa picha usiku wa kukimbia, zimepinda, kidole cha mpigaji kimeingia pembeni. Cheti cha ndoa kilichopigwa juu ya goti. Virginie alinyoosha, akakata kingo, akaondoa rangi isiyo na kazi, akakondesha, akatuma. Huko mambo yalikotumwa mtandao ulikuwa uzi, na uzi haubebi gunia.

Alhamisi moja asubuhi, mvua ikiwa imekatika dakika hiyo, aliingia mwanamke wa makamo anayeelekea uzeeni, mrefu, amevaa sketi nyeusi na soksi nyeusi. Alikumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge, akakilaza mezani taratibu.

"Mimi ni Kasoki," alisema. "Bibi ya Kataliko. Ya marehemu Kataliko."

"Pole sana, mama. Keti."

Kasoki aliketi, lakini mkono ulibaki juu ya kitenge. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi na kila mara yakamkata. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya Goma. Risasi ziliposogea, yeye alimwambia Kasoki aondoke na wajukuu. Mwenyewe akabaki, kwa sababu baadhi ya wanakwaya hawakuwa na pa kwenda. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa zake zilikuwa upande wa pili wa barabara iliyofungwa. Jumatatu alikuwa amefariki, na Jumamosi watamzika, haiwezekani kungoja zaidi, umeme wa kuhifadhia maiti haupo. Kiwanja cha ndege kimefungwa. Kwenda kwa njia aliyojia ni safari ya juma zima.

"Sitafika," alisema Kasoki. "Ila hii inaweza kufika."

Akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na karatasi za mifuko ya saruji, zile za tabaka la ndani, za rangi ya udongo, zimepasuliwa zikalainishwa. Zilijaa maandishi ya kalamu nene: herufi, vistari, nukta, mistari minne minne ikishikwa na mabano. Huko kwao kwaya hujifunza kwa karatasi kubwa inayotundikwa ukutani, ili kila mtu aone tokea nyuma. Kataliko aliandika wimbo huo kwa miaka, akifuta na kurudia, na siku ya kumuaga mkewe hakumpa kitu kingine cha kubeba. Kwaya ilikuwa imejifunza mwanzo wake tu. Wimbo wenyewe haukuwa na jina. Wanakwaya waliuita ule wa maziko, kwa sababu mwalimu alisema utaimbwa atakapozikwa yeyote kati yao atakayetangulia.

"Alitangulia yeye," alisema Kasoki. "Merdi, mwimbaji wa besi, njo anaongoza sasa. Iko naye simu moja, ndogo, na mtandao anaupata akipanda ukuta nyuma ya kanisa. Ananiambia: mama, tutumie wimbo. Nikapiga picha, nikatuma. Inazunguka, inazunguka, inakufa. Banasema weye unajua kukondesha."

"Najua, mama."

"Basi kondesha. Ila bwana yangu abaki ndani."

Virginie alizitundika karatasi ukutani kwa vibanio vya nguo. Hazikuingia kwenye skana, kwa hiyo alizipiga picha moja moja kwa uangalifu, akaziingiza kwenye mashine na kuziunganisha. Faili ilisoma zaidi ya mega mia. Aliitazama kwa heshima. Hakuwa mjuzi wa solfa, maandishi yale ya noti. Kanisani kwao Kasenga waliimba kwa kusikia, mtoto akiiga mama. Lakini alijua kusoma uzito. Akaona mara moja kwamba uzito mwingi haukuwa wa maandishi. Ulikuwa wa karatasi: hudhurungi yake yenye vivuli elfu, mikunjo, nyuzi, mabaki ya saruji, alama za mvua ya njiani. Mashine ilikuwa inakumbuka kwa uaminifu kila chembe ya mfuko wa saruji.

Akaondoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Akakata kingo. Uzito ulishuka, bado ukakataa. Ndipo alipokumbuka kitufe cha kusafisha, kile kinachotafuta madoadoa yaliyotawanyika na kuyafuta, ambacho alikitumia kwenye vyeti vya zamani vilivyochafuliwa na nzi. Aliongeza ukali wake mpaka karatasi ikang'aa. Herufi zikasimama peke yake, safi, kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha akakondesha.

Tarakimu ikaanguka mpaka chini ya mega moja.

"Tazama, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Kasoki alisogeza miwani. Aliona herufi za mumewe zimetoka kwenye udongo zikasimama juu ya weupe. Hakuzisoma, machozi hayakumruhusu. Alipapasa kioo kwa kidole kimoja.

"Na uzito imeenda wapi?"

"Hata miye najiuliza kila siku."

Wakatuma. Alama ya kuzunguka ilizunguka mara kadhaa, halafu ikakoma, na ikatokea ile ya kuonyesha kwamba imefika. Nono, aliyekuwa amesogea mlangoni kwa kisingizio cha kuuliza saa, alivua kofia.

"Ya Vivi," alimwambia, kwa jina alilomwita kama dada mkubwa, "umepitisha mifuko ya sima, saruji yote hii, kwenye tundu la sindano."

Kasoki alirudi Ijumaa asubuhi, akiwa amesimama wima kuliko jana. Merdi alikuwa ametuma sauti: kwaya wamejifunza alfajiri, wanataka mama asikie. Aliweka simu mezani, Virginie akasogeza kiti, Nono akasogeza sikio.

Ilianza soprano, nyembamba, imekwaruzwa na mtandao, na maneno yalisikika:

*Tulitembea na jua mgongoni,
likatupita, likatungoja mbele.*

Virginie akainama karibu zaidi na simu. Kisha besi wakaingia. Waliingia chini kama ipasavyo, halafu ghafla wakaruka juu, wakang'ang'ania hewani kwa sauti za koo, wakaanguka, wakaruka tena, wakakimbilia kila noti kana kwamba wanavuka mto kwa mawe. Waimbaji wa teno nao walikuwa wameshikwa na haraka ileile. Katikati mtu akakohoa. Mwingine akacheka, akanyamazishwa. Mwisho Merdi mwenyewe alisema, akihema: "Mama, tunafuata karatasi vile iko. Ila ba besi banaruka kama panya kwenye dari. Mwalimu aliandika vile kweli?"

Nono alikuwa wa kwanza kushindwa. Kicheko kilimtoka puani. Halafu Kasoki naye akacheka, kicheko kikavu kilichomshangaza mwenyewe, cha kwanza tangu Jumatatu. Kilikatika ghafla.

"Hapana," alisema. "Kataliko hakuandika panya. Nionyeshe."

Virginie akafungua faili. Kasoki aliinama karibu na kioo, akaanza kusoma mstari wa besi, midomo ikitikisika. Akasimama. Akaangalia mstari wa juu, akaangalia wa chini.

"Mikato iko wapi?"

"Mikato gani, mama?"

"Hapa. Chini ya so. Chini ya la. Na nukta katikati ya hizi mbili. Ukiona so peke yake, ni ya juu. Ukiona so na mkato kwa chini, ni ile ya kifuani. Nukta inagawa pigo mara mbili. Njo bintu vya kuongoza sauti. Hapa hakuna hata moja."

Virginie alikitazama kioo tena, mstari kwa mstari. Alinyanyuka akaenda kwenye karatasi zenyewe, ambazo Kasoki alikuwa amerudi nazo kwenye kitenge, akafungua moja na kuisogeza mlangoni penye mwanga. Kulikuwa na vijialama vidogo kila mahali, chini ya herufi na katikati yao, vingine vimefifia, vingine kama tone la wino lililodondoka. Jana alikuwa ameviona. Alikuwa ameviona vyote.

"Nilizani ni buchafu," alisema. "Niliwaza ni nzi."

Hakuna aliyecheka. Lori lilipita nje likatikisa kibao.

"Nimetosha mikato yote, mama, nimeifuta. Kwa mukono yangu. Nilisema nasafisha."

Kasoki alikunja mikono mapajani. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Miaka makumi tatu nafua nguo za ule muntu. Wino haikutoka. Weye umeitosha na kidole kimoja."

Haikujulikana kama ni lawama au mshangao, na labda Kasoki mwenyewe hakujua. Virginie alirudi kwenye kiti, akaanza upya.

Alichukua picha za kwanza, zile nzito, akaacha kitufe cha kusafisha. Mikato ikabaki, lakini na nyuzi za saruji zikabaki, na mashine ikahesabu kila uzi. Akapunguza ukubwa: uzito ukashuka kidogo, na mikato ikaanza kuvimba na kushikana na herufi, so ikaonekana kama tunda lenye mkia. Akapunguza tena: mkato na nukta vikawa kitu kimoja. Hapo alisimama, kwa sababu aliujua mpaka huo. Ng'ambo yake kulikuwa na unga wenye miiba. Akatuma ile nzito kiasi, ambayo jicho la Kasoki liliikubali. Ikazunguka. Ikafa. Akaikata vipande, akatuma kipande cha kwanza. Kikazunguka, kikafa. Merdi akaandika kwamba mega zinamwishia na kwamba kuna watu wenye bunduki barabarani, atashuka ukutani kwanza, atarudi jioni.

Umeme nao ukaenda, kama kawaida ya mtaa. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mashine ikahamia kwenye betri yake.

"Ya Vivi, nikuletee jenereta ya kwa jirani Anaclet?" Nono aliuliza mlangoni.

"Jenereta haitapunguza hii, Nono. Acha kwanza."

Kasoki alikuwa amezitandaza karatasi zake sakafuni juu ya kitenge, na sasa, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alikuwa akipitia besi kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mstari. Hakuimba maneno. Aliimba majina ya noti, kama wanavyofanya wanakwaya kabla ya kupewa maneno. "Do. So chini. So chini, shika. La chini na so, nusu nusu. Mi. Re. Do, shika, shika." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana kwa mwanamke, na chumba kidogo kile kiliipokea.

Virginie aliacha kugusa mashine. Alisikiliza. Vidole vyake, bila kuagizwa, vilikuwa vikigonga juu ya meza.

"Mama Kasoki. Rudia."

"Do. So chini. So chini, shika."

"Do inaandikwa namna gani?"

"D. Ile ya dominiko."

"Na so?"

"S."

"Na chini, ni ule mkato. Na shika?"

"Kistari." Kasoki aliinua uso. "Juu ya nini unauliza?"

Virginie alitazama kibodi yake. Herufi saba. Mkato ulikuwa pale, karibu na kidole cha kati cha mkono wa kulia, alioupiga mara zisizo na idadi kwenye barua za watu. Nukta ilikuwa jirani yake. Nukta mbili, kistari, mstari wa kusimama, vyote vilikuwa vimeketi mbele yake tangu jana asubuhi, vikingoja.

"Tulikuwa tunatuma mufuko," alisema polepole. "Tulikuwa tunatuma sima. Wimbo ni herufi tu, mama. Ni herufi. Niimbie, nitaandika."

Kasoki hakuelewa mara moja, ila alielewa neno la mwisho. Akavuta kiti, akaweka karatasi ya kwanza magotini, akasafisha koo.

Hivyo wakaanza. Kasoki aliimba noti kipande kwa kipande, Virginie akapiga. Mashine haikupenda. Iligeuza d ya kwanza ya kila mstari kuwa kubwa, ikidhani inaisaidia, na ikapiga mistari myekundu chini ya kila kitu, kana kwamba wimbo mzima ni kosa. Virginie aliinyamazisha. Walimaliza soprano, wakaingia alto. Kwenye teno Kasoki alikwama mahali ambapo wino ulifutwa na kuandikwa juu yake, akaimba njia mbili, akafumba macho, akachagua.

"Hii. Alikuwa anaiimba akijinyoa."

Walipofika besi, betri ilikuwa imebaki kidogo na kioo kimejipunguzia mwanga. Kasoki aliutaja kila mkato kwa sauti. "So, na mkato. Na mkato tena. La, na mkato." Virginie aliupiga kila mmoja kana kwamba anarudisha shanga kwenye uzi uliokatikia mikononi mwake. Nje Nono alikuwa akiwarudisha wateja. "Leo hakuna kukondesha," walimsikia akisema. "Kuna mazoezi ya kwaya." Mwanafunzi mmoja akauliza kwaya gani hiyo ya watu wawili. "Wengine beko Goma," Nono alimjibu. "Ngoja, au uende."

Virginie alisoma besi yote kwa sauti, herufi kwa herufi, na Kasoki akaifuatisha kwenye karatasi. Hakuna kilichopotea. Akahifadhi. Kisha, kwa mazoea, macho yake yakateremka kutafuta uzito.

Akadhani hakuona vizuri. Akafungua upya, akatazama tena.

Sauti nne, tangu mwanzo hadi mwisho, miaka yote ile ya Kataliko, kufuta kwake na kurudia kwake, hazikufikia hata sehemu ya mia ya mega moja. Picha ya kidole gumba cha mtu ilikuwa nzito mara nyingi kuliko hizo. Kwa ajili ya kulinganisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, alitafuta kwenye mashine karatasi moja tupu ambayo mteja fulani aliwahi kuiskani kwa bahati mbaya. Karatasi ile isiyo na neno hata moja ilikuwa nzito kuliko wimbo.

"Mama," alisema, akimgeuzia kioo. "Utupu ni muzito kupita bwana yako."

Kasoki aliangalia tarakimu mbili zile, moja kando ya nyingine. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa ameuza vitenge kwa robota maisha yake yote, na alijua kusoma mizani. Aliweka kiganja kifuani.

"Alikuwa mwembamba hata akiwa hai," alisema. "Ila sikujua ni kwa kiasi hiki."

Jioni ilipokaribia na Merdi akapanda tena ukuta wake, alipata jumbe nne, kila sauti katika wake. Haukuzunguka hata mmoja. Ziliingia kama mtu anayeingia kwake. Jibu lake lilikuwa fupi: "Besi tumeiona. Ina mikato. Asante mama. Tunakwenda kujifunza."

Jumamosi ilianza kwa mvua kubwa, ile ya Lubumbashi inayogeuza udongo kuwa supu nyekundu. Virginie hakupaswa kufungua mapema hivyo, lakini alifungua, na Kasoki alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye baraza chini ya bati, kitenge kikiwa mapajani. Virginie alichemsha chai. Saa ya maziko ilipofika Kasoki aliitazama simu, akajaribu kupiga, ikamwambia kwa Kifaransa kwamba anayempigia hapatikani. Akajaribu tena. Kisha akaigeuza kifudifudi mezani, akafungua karatasi ya kwanza, akaimba noti za besi kimoyomoyo, midomo tu ikicheza, mpaka mwisho. Virginie alisimama nyuma yake muda wote huo. Nono aliuacha mwavuli wake ukilowa, akasimama mlangoni bila kofia.

Walingoja. Mvua ilipungua, ikakoma, bati likabaki likidondosha. Simu ikatetemeka juu ya meza.

Virginie ndiye aliyeigeuza. Alisoma kwa sauti.

"Mama, tumemuzika. Tumeimba yote. Besi ilishuka mpaka watu bakatazama chini."

Kasoki aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na Virginie akayashika. Simu ikatetemeka tena. Merdi alikuwa ameandika kwamba kuna mtu aliyerekodi wimbo kwa simu nzuri, tokea mwanzo hadi udongo. Rekodi hiyo ni nzito sana, haitaki kutoka. Je, waikondeshe kwanza? Yule mama wa Lubumbashi awaelekeze jinsi ya kufanya.

Virginie alikuwa na jibu tayari; ilikuwa kazi yake. Alivuta kiti. Alianza kuandika namna ya kupunguza, wapi pa kubonyeza.

Kasoki aliweka mkono juu ya mkono wake.

"Hii usiikondeshe, mwanangu."

"Itachelewa, mama. Inaweza kuchukua siku."

"Ichelewe. Kuna mvua ndani yake, kuna kikohozi cha watu, kuna miguu. Kuna majembe. Mimi sikuwepo. Ije na uzito wake wote."

Virginie alifuta alichoandika, akaandika hayo. Baada ya muda alama ikajitokeza kwenye kioo cha simu, duara jembamba lililoanza kuzunguka. Nono aliingia na kadi ya mega mkononi, akaiweka kando ya simu bila kusema bei. Wote watatu wakavuta viti karibu. Nje wanafunzi walikuwa wameanza kupita, wakiruka madimbwi, na mmoja akasimama mbele ya kibao akauliza kama wamefungua.

"Ingia ukae," alisema Virginie, bila kuondoa macho kwenye duara. "Kuna muntu anakuya."